Bega Likikwama

Alasiri ile Tunu alikaa peke yake mkekani, katika chumba ambamo wakunga hufundishana. Tangu azikwe Bi Mwanaidi, aliyewakusanya, wenzake walizidi kupungua. Leo kama asingetokea mtu, chumba kingefungwa moja kwa moja.

Akampakata mtoto wa kitambaa, akauliza kwa sauti kama ilivyo desturi yao: "Jamani, mtoto anazaliwa, bega likikwama?"



"Mlaze mama, mkunje magoti hadi kifuani. Na usivute, wewe!"

Tunu aliruka. Kumbe ni Saumu, mkunga mwenzake, mlangoni.

"Mwenzangu, unanitisha! Hayo maneno ya marehemu."

"Ndiyo aliyoniachia. Haya, uliza jingine."

Nje vikasikika viatu vikivuliwa, jozi baada ya jozi. Wenzao walikuwa wamerudi, ila hakuna aliyethubutu kuingia kwanza. Tunu akasogea, akawaachia nafasi mkekani.