Nyaya Tatu za Golondrina

Umeme ungekatika saa tatu asubuhi, na betri ilikuwa bado haijajaa. Nereida aliikodolea macho taa nyekundu ya chaja huku mkono wake ukiunga waya wa mwisho kwa risasi ya kulehemu. Akaupuliza, akaufunika, akaitazama tena taa.

Ndege ile ndogo ya mashindano, waliyoiita Golondrina, yaani mbayuwayu, ilijengwa kwa vitu vilivyokufa. Mota ilitoka kwenye deki mbovu ya DVD. Nereida aliifumua akaisuka upya kwa waya wa shaba, mizunguko kumi na tisa kwa kila jino la chuma. Seli za betri zilitoka kwenye pikipiki ya umeme ya jirani. Mbawa tu ndizo zilizokuwa mpya, za mbao nyepesi, alizochonga mumewe Evelio kabla kiharusi hakijamnyang'anya sauti na mkono wa kushoto. Sasa Evelio alizungumza kwa kugonga kiti chake cha magurudumu: mara moja ndiyo, mara tatu hapana.

Taa ikageuka kijani zikiwa zimebaki dakika sita. Nereida akachomeka betri. Pangaboi likavuma, na upepo ukampiga usoni Evelio, aliyekaa mbele ya pua ya ndege. Mzee akagonga kiti mara tatu. Akagonga tena mara tatu, kwa nguvu.

"Nimekusikia, mzee. Niachie mie," alisema Nereida, akachomoa betri.

Miaka thelathini na minne Evelio ameshindana katika klabu yetu ya ndege ndogo hapa Placetas, Kuba, na jina lake halijawahi kuandikwa kwenye ukuta wa klabu. Ukuta ule ni wa ndege zilizokaa hewani dakika tano siku ya mashindano. Siku nyingine, hata yako ipae mpaka mwezini, haihesabiwi. Kesho yake Evelio angepelekwa Havana kupasuliwa kichwa, na daktari hakuwaficha kwamba wengi hawarudi. Kwa hiyo ilikuwa leo, siku ya mashindano, au basi tena.

Mtu wa kuogopwa alikuwa Gumersindo, bingwa wetu. Desturi yetu ni kwamba bingwa ndiye anayekagua ndege za wenzake, kisha anaziba kifuniko cha mota kwa nta ya mshumaa na kupiga muhuri. Ukiuvunja muhuri, umejitoa. Na uwanjani betri haichomekwi mpaka kwenye mstari wa kurushia, kwa sababu kuna mwenzetu ambaye pangaboi lilimkata kidole.

Sasa mota za namna hii zina nyaya tatu. Badilisha mbili, zozote mbili, nayo itazunguka kinyume, na kwa macho huwezi kujua. Mwaka jana, Gumersindo alipomaliza kukagua, Golondrina ya Evelio ilisimama mstarini ikipuliza mbele na kugoma kuondoka, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja alimshauri mzee aipeleke jikoni ikapoze supu. Wiki mbili baadaye kiharusi kikamwangusha. Nereida hakumlaumu mtu kwa mdomo, lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Saa tano uwanja wa besiboli ulikuwa umejaa. Gumersindo aliiinamia Golondrina mezani, mgongo wake mpana ukiwazuia wote wasione. Alikawia. Yamilka, mpwa wa Nereida, alichungulia kwa ubavuni, akarudi mbio.

"Shangazi, anachezea nyaya. Kaingiza vidole vyote."

"Mwache."

"Shangazi, nimemwona kwa macho yangu!"

"Nimesema mwache. Afanye alichozoea."

Yamilka alimshangaa. Huyu ndiye mwanamke aliyemtia adabu muuza mkate kwa sababu ya gramu kumi, na leo ndege ya mumewe inachokonolewa naye ametulia, nusura atabasamu. Gumersindo akadondosha nta, akapiga muhuri, akairudisha ndege kwa mikono miwili bila kumtazama.

Mstarini, mwamuzi hutoa dakika moja ya kurusha. Yamilka alikisukuma kiti mpaka kwenye mstari wa chaki. Mzee aliinua kidevu, macho juu, akingoja. Nereida akachomeka betri, akaishika ndege chini ya tumbo, akafungua mwendo.

Vumbi la mbele likaruka. Ndege ikamsukuma kifuani.

Akazima, akawasha tena. Likaruka vumbi lilelile la mbele. Mwamuzi akatangaza kwamba zimebaki sekunde thelathini. Nereida aliugusa muhuri kwa ukucha, akauacha.

Safari hii hakuna aliyecheka. Wanaume wawili walimkaba Gumersindo kola, na mmoja akamuuliza kama hana haya hata kwa mgonjwa. Filimbi ikalia. Evelio alikuwa bado anatazama juu.

Gumersindo hakushindana na wale wanaume. Alijinasua, akamwendea Nereida, machozi yakimtoka mbele ya uwanja mzima.

"Ya mwaka jana ni mimi, nakiri," alisema. "Lakini leo nilikuta kiungo kimoja kimelegea, nikakikaza. Basi. Nilitaka aione ikiruka. Naapa kwa mama yangu, Nereida, nyaya nimeziacha vilevile ulivyoziunga wewe."

Evelio akagonga kiti mara tatu, polepole. Nereida akaviinamia vidole vyake mwenyewe, ambavyo asubuhi ile vilikuwa vimeziunga nyaya mbili kinyume, kwa makusudi, ili Gumersindo akizibadilisha zikae sawa.