Tanuri Lililogoma Siku ya Mtoto

Halldor alipita mlangoni bila kungoja kufunguliwa, akakung'uta theluji viatuni, akashuka moja kwa moja hadi chumba cha chini lilipo tanuri. Mkono huu alishika sanduku la zana, mkono ule keki ya plamu.

Nyuma yake alishuka mzee mwenye masharubu meupe, kajitanda blanketi juu ya koti.

"Babu mwenzangu!" Halldor alisema, akampa mkono. "Hatimaye tumeonana. Baridi imekutesa?"

"Imenitesa kweli," mzee akacheka. "Lakini wewe umekuja. Karibu, karibu sana. Nikuchemshie chai?"

Halldor alinuna moyoni. Anamkaribisha! Katika nyumba ya binti yake mwenyewe! Sigrun na mumewe Taras walikuwa wamehamia hapa Winnipeg mwezi uliopita tu, yeye Halldor alikuwa bado hajaitembelea nyumba yao, na baba yake Taras alifika jana kwa basi. Jana tu, na keshajifanya mwenyeji.

Ila hapakuwa na muda wa kununa. Alfajiri Sigrun alimpigia simu kutoka hospitali, sauti imelowa machozi. Tanuri la kupasha nyumba joto limezimika, nyumba imekuwa barafu tupu, na muuguzi amesema kichanga kile hakitoki wodini kwenda kulala kwenye baridi. "Baba, nilitaka nimlete nyumbani leo. Baba yake Taras yuko pale, lakini yeye hajui hata bisibisi inashikwa upande gani." Halldor akatoka Gimli na gari lake bovu, upepo ukipuliza theluji barabarani, akiimba njia nzima. Mjukuu wa kwanza haji mara mbili.

"Mtoto anafika leo," alimwambia mzee, akichuchumaa mbele ya tanuri. "Hili likigoma, hafiki."

Mzee alimtazama kidogo, akalitupa blanketi pembeni. "Mtoto? Basi tuache maneno. Nikushikie nini?"

"Tochi."

Mzee alivuta droo bila hata kuangalia, akaitoa. Halldor akasaga meno. Bisibisi haijui, lakini droo zote anazijua!

Walianza na mepesi. Swichi imewashwa. Fyuzi nzima. Gesi ipo. Chujio la hewa ndilo lililotoka limevaa vumbi kama kondoo.

"Hili halijabadilishwa siku nyingi," Halldor alisema.

"Ah, mambo hayo alikuwa akiyakumbuka marehemu mke wangu."

Halldor akalikung'uta, akalirudisha. Kisha akachomoa kijiti cha chuma kinachohisi moto, akakisugua kwa msasa.

"Unakipaka poda?" mzee aliuliza.

"Nakiosha uso. Hakioni."

"Basi na mimi niazime hicho kimsasa. Siku hizi hata mlango naugonga."

Wakawasha. Feni ikavuma, ikakohoa, ikakata roho. Kitaa chekundu kikaanza kupepesa.

"Linakukonyeza," mzee alisema. "Limekupenda."

"Linanidhihaki."

Wakapanda jikoni wakanywe chai, angalau vidole virudi uhai. Halldor akatazama huku na huku. Ukutani vitambaa vilivyotariziwa kwa nyuzi nyekundu na nyeusi, mtindo wa Kiukreni wa kina Taras, juu ya friji picha za watakatifu, mezani mkate mweusi na kachumbari ya bitiruti. Hata picha moja ya kwao Gimli haipo. Sigrun wangu, aliwaza, wakwe wamemmeza mzima mzima.

"Ataitwa nani huyo mtoto?" mzee aliuliza, akimsogezea sukari.

Halldor akamkodolea macho. Kumbe hata yeye hawajamwambia! Wivu wote ukamwagika kama maji. Akaikata ile keki, akampa mzee kipande kikubwa.

"Hawajaniambia. Vijana wa leo wana siri!"

"Mwanangu mimi yuko Vancouver, hata kupika hajaniambia kama anajua."

Huyo atakuwa ndugu yake Taras, Halldor aliwaza, akageuka dirishani. Hapo ndipo alipoona. Theluji ilikuwa imelalia ubavu wa nyumba, kilima kizima, mpaka usawa wa kioo.

"Bomba!" alipiga kelele. "Tanuri linavuta pumzi kwa bomba la ubavuni. Limezibwa pua!"

"Upepo wa jana ulipiga upande huu, mtaa mzima," mzee alisema, na tayari alikuwa amevaa kofia.

Walitoka na sepetu moja, wakapokezana. Mmoja anachimba, mwingine anatania. Mzee alijua hasa bomba lilipo, akalipapasa, akaipasua barafu iliyoziba mdomo kwa mpini wa ufagio. Walirudi ndani wakihema, ndevu zimeganda. Halldor akabonyeza swichi.

Feni ikavuma. Ikatulia. Kisha, vuuu, moto wa buluu ukashika, na pumzi ya vuguvugu ikapanda kwenye matundu ya sakafu. Wazee wawili wakashikana mabega, wakacheza katika soksi.

"Mtoto na aje sasa!" mzee alisema. "Aje na nguo moja!"

Simu ya Halldor ikalia. Akaiweka sauti juu, apate kumpa binti yake habari njema wakiwa wote wawili.

"Sigrun, mwanangu! Nyumba imeshapata joto!"

"Nyumba gani, baba? Uko wapi? Baba yake Taras amenipigia sasa hivi, anatetemeka peke yake tangu asubuhi, anauliza kama bado unakuja."

Mzee alikuwa ameshalirudia koti lake, sepetu begani.

"Niliona haya kukuuliza jina," alisema. "Nyumba yenu ni ipi?"