Suruali Nzito

Ambakisye aliichukia suruali yake ya kukatia miti, iliyojazwa nyuzi za kinga ndani. Wenzake walimcheka, eti mkewe kamvalisha blanketi. Lakini kila asubuhi Atupele aliukalia msumeno wa injini mpaka aone mumewe ameivaa.

Leo msumeno uligonga fundo la mti, ukaruka, ukamshukia pajani. Nyuzi za ndani ya suruali zikachomoka, zikajisokota kwenye mnyororo, injini ikazimika. Ngozi haikuguswa.

Jioni Atupele aliliona tundu. Akatafuta sindano.

"Usiishone, mama Lusajo. Hiyo imeshamaliza kazi yake." Ambakisye aliichukua ile sindano mkononi mwa mkewe. "Asante kwa kunikera."

Binti yao mdogo akaja, akamkalia baba yake paja lile lile, akaanza kuzisuka zile nyuzi nyeupe kama nywele.