Usimsemeshe Mrushaji

Twila wa kibanda cha tiketi alikuja akikimbia, na kwa mwili ule wa Twila, kukimbia si jambo dogo. Kabla hajafungua kinywa, Lowell Havelka alikwisha kuweka kidole midomoni.

"Shh! Huoni ubao?"

Twila aliuona. Awamu ya tano kati ya tisa ilikuwa imekwisha, na upande wa wageni kutoka Cutler kulining'inia sifuri tupu. Hakuna mpigaji wao hata mmoja aliyeupata vizuri mpira wa Rudy Brandt, mrushaji wa wenyeji. Na pale Dorrance, hata mtoto wa chekechea anaujua mwiko wa besiboli: mrushaji akifika mbali hivyo bila mpira wake kupigwa, hasemeshwi. Wenzake hawakai karibu naye, na watazamaji hawahami viti. Atakayevunja mwiko, kisha mpira ukapigwa, lawama atazikwa nayo.

"Ni Marlys," Twila alinong'ona, akihema. "Hospitali wamepiga simu. Jirani kamkuta kalala jikoni, damu imetapakaa sakafu nzima. Uchungu wa uzazi umemjia vibaya, Lowell. Anamtaka mumewe."

Marlys alikuwa binti wa pekee wa Lowell. Mumewe ndiye huyo Rudy.

Lowell aliinuka nusu. Macho yake yakamwangukia yule mgeni wa kofia ya majani aliyeketi nyuma ya wavu, msaka vipaji wa timu kubwa. Rudy alikuwa na miaka ishirini na saba. Watu kama yule hawaji mara mbili kwa mtu wa umri huo. Mgeni huyo akiondoka bila kushawishika, Rudy atabeba magunia ghalani mpaka mgongo upinde, na Marlys atazeekea kwenye ile nyumba ya kupanga inayovuja. Lowell akaketi tena.

"Akimaliza nitamwambia," alisema. "Nikimwambia sasa atatupa glavu na kutimua mbio. Si unajua anavyompenda."

"Basi nenda wewe."

"Nihame kiti? Leo?"

Twila alimtazama kama anayemtazama mtu mzima aliyevua nguo sokoni. "Mwanao huyo, Lowell."

"Na nafanya hivi kwa ajili yake!"

Jukwaa la mbao lilikuwa limejaa, na joto la Jumapili lilipanda kutoka kwenye mashamba ya mahindi nyuma ya ua. Mpigaji wa Cutler alipiga hewa, akapiga hewa tena.

"Punga, kijana, punga!" mzee mmoja alimpigia kelele, mbegu za alizeti zikimruka kinywani. "Joto limetuzidi, tupepee!"

Watu wakacheka. Lowell naye akacheka, kisha akajionea haya.

Kila awamu ilipokwisha, Rudy alikwenda kukaa peke yake mwisho wa benchi, taulo kichwani, wenzake wote wamejibana upande wa pili. Jumapili nyingine zote alikuwa akitafuta jukwaani mahali anapokaa Marlys na kumwinulia kofia. Leo hakutazama jukwaani hata mara moja. Lowell aliliona hilo akafurahi. Akili ya kijana iko kazini, alijiambia.

Awamu ya saba Twila alirudi, na safari hii hakunong'ona.

"Anamwita, we mzee! Daktari kasema kama kuna mtu wa kuja, aje sasa hivi."

Vichwa viligeuka, watu wakamzomea Twila anyamaze. Lowell alitaka kwenda, Mungu anajua alitaka, na miguu ilikwisha kujikusanya chini ya kiti. Lakini Rudy alikuwa amekwisha kuinua mkono, na mpira ukapita kwa mpigaji kama haupo. Hakuna aliyepiga makofi. Watu walivuta pumzi tu.

"Bado kidogo," Lowell alisema, akiichukia sauti yake mwenyewe. "Bado kidogo tu, Twila. Marlys ana nguvu, nimemlea mwenyewe."

Awamu ya tisa Twila alikuja akitembea. Hakuwa na haraka tena. Aliketi kando yake, akavua miwani, akaipangusa kwa upindo wa gauni.

Lowell hakuuliza. Alijua kwamba amemuuza mwanawe kwa mchezo, na hapakuwa na jina lingine la jambo hilo. Alibaki ameketi palepale, kwa kuwa sasa hapakuwa na wa kumkimbilia.

Mpigaji wa mwisho aliupiga mpira juu sana, ukashuka taratibu, ukadakwa. Uwanja ukalipuka. Kofia zilirushwa, bisi zikamwagika, wazee wakakumbatiana wakilia. Mgeni wa kofia ya majani alisimama, akakunja mikono ya shati, akaanza kuteremka kwenda uwanjani huku akitabasamu.

Lowell alimtangulia. Aliteremka ngazi akishikilia mbao, akapenya katikati ya wachezaji waliokuwa wakirukaruka, akamshika Rudy bega. Alikuwa amekata shauri kusema yote, na kijana akitaka kumpiga, ampige mbele za watu.

"Rudy, nimekukosea. Nimekuficha jambo." Aliendelea bila kumwachia. "Ni Marlys. Simu ilikuja tangu awamu ya tano. Alikuwa anakuita, nami sikukwambia. Amekufa, mwanangu. Nisamehe. Amekufa."

Rudy aliutoa mkono wa mzee begani. Aligeuka kutazama msaka vipaji amefika wapi.

"Punguza sauti, mzee," alisema. "Damu ilianza kumtoka nikiwa navaa viatu vya kuja huku. Nilimwambia akupigie simu wewe."