Kamba za Kitanda

Fundi Hemedi aligonga dari, nayo ikalia kama mtungi mtupu.

“Mwanao alikosea kuziba nyufa kwa saruji, Bi Mwanasiti. Saruji haipumui. Unyevu umenasa ndani, chokaa imeachia.”

Kipande kikadondoka, kikamwaga nyuzi za makumbi ya nazi. Bi Mwanasiti aliziokota taratibu. Alipokuwa mwari, mama yake alifumua kamba za makumbi za kitanda chake mwenyewe, akaziombea dua, akazichanganya na chokaa ya chumba hiki cha harusi, kisha akalala mkekani hadi vuli.

“Mjukuu wako anaingia humu mwezi ujao,” fundi alisema. “Nikanunue makumbi sokoni?”

“Ya sokoni yameombewa na nani?”

Akaenda chumbani kwake, akakunja godoro, akapiga magoti kando ya kitanda, vidole vikitafuta fundo la kwanza.