Kitabu cha Sita

Fundi cherehani hakuwahi kumaliza riwaya hata moja maishani mwake, lakini alasiri ile, akimsomea mama yake kwa sauti kando ya kitanda hospitalini, hadithi ilimteka mzimamzima. Kilikuwa kitabu cha sita cha visa vya mpelelezi wa enzi za masultani. Mama alishavisoma vile vitano vya mwanzo, kabla kiharusi hakijamnyang'anya ulimi.

Kwenye ukurasa wa arobaini akatokea mjane mmoja, na mpelelezi akaangusha taa kwa mshtuko.

"Mama, huyu ni nani? Mbona anamwogopa hivi?"

Macho ya mama yakang'aa. Alijua! Midomo ikapinda, mate yakamtoka, ikaja sauti moja tu.

"Mmm."

"Dada yake? Mkewe wa zamani?"

"Mmm."

Chozi likateremka hadi sikioni. Binti yake fundi akalifuta.

"Basi mama, usijisumbue. Nitakuletea cha kwanza, tuje navyo polepole mpaka hapa."

Mama akatikisa kichwa. Mkono wake mmoja uliobaki na nguvu ukatambaa juu ya shuka, ukashika ncha ya ukurasa, ukafungua unaofuata.