Maji ya Njiani

Tangu alfajiri Semkiwa alikuwa akiendesha pikipiki nyikani kuelekea zahanati. Mkewe, Tunu, alikaa nyuma, amefungwa pamoja naye kwa khanga asianguke, uchungu wa uzazi ukimshika na kumwachia. Chupa ya maji Semkiwa alimwachia yeye. Sasa jua la utosini lilimpasua midomo, barabara ikamchezea machoni, pikipiki ikaanza kuyumba.

“Simama!” Tunu alipiga kelele. “Kumbe hujanywa hata tone?”

“Hayo ni yako na mtoto.”

“Ukianguka wewe, tumekwisha sote watatu. Kunywa!”

Akasimama, naye Tunu akamshikia chupa mdomoni. Semkiwa akayagugumia yote huku akilia, kisha akapiga kiki, injini ikanguruma. Zahanati ilikuwa haijaonekana. Mbele vumbi tupu, na kiunoni mikono ya Tunu ikazidi kumbana, uchungu ukirudi.